Kanga Isiyo na Jina

Mama aliuliza swali moja tu, na akaliuliza kwa sauti ya sokoni, mahali ambapo watu wote walikuwa wananong'ona. "Jina lake liko wapi?"

Tulikuwa tumesimama mbele ya mchoro mkubwa, upana wake karibu mita mbili, katika nyumba moja ya zamani ya Kampala iliyogeuzwa ukumbi wa maonyesho. Hatukupanga kwenda. Nilikuwa nimemtoa mama Jinja kwa ajili ya vipimo hospitalini, tukaambiwa majibu ni saa tisa, na wakati huo ilikuwa saa tano na robo. Jua kali, teksi zimejaa, na mama hali chakula cha hotelini mpaka ajue nyama imechinjwa na nani. Nikaona geti wazi, mti wa muembe, na benchi chini yake. Kiingilio bure. Nikasema tuingie tupumzike.

Nikainama kusoma kikaratasi kilichobandikwa ukutani pembeni ya mchoro. "Unaitwa Bila Jina," nikamjibu.

"Sikuuliza mchoraji kauitaje. Nimeuliza jina."

Ilinichukua muda kumwelewa. Macho yake yalikuwa yakitafuta pale chini katikati, mahali ambapo kanga yoyote yenye heshima zake huwa na maandishi. Mama alikuwa amesimama mbele ya sanaa ya dhahania, ile isiyochora kitu kinachotambulika, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alichotaka kujua ni kile ambacho angetaka kujua kwa jirani aliyepita mlangoni na kanga mpya: imeandikwaje, na imeandikiwa nani.

Niueleze mchoro wenyewe kwanza, maana nimeutazama mara tatu na naujua kuliko ninavyoujua uso wa mwenye nyumba wangu.

Haukuchorwa kwenye turubai. Umechorwa juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti ya Waganda, yenye rangi ya chungu kilichochomwa vizuri. Upande wa kushoto kuna umbo kubwa jeusi, karibu liwe mraba lakini si mraba: kona yake ya juu imelegea kama mfuko wa saruji ulioegemezwa vibaya. Kutoka juu kulia inateremka mistari ya buluu, myembamba, kumi na saba kwa hesabu yangu. Mingine imenyooka, mingine imetetemeka, na yote inainamia lile jeusi, ila hakuna hata mmoja unaolifikia. Inakatika. Kati yake na jeusi pamebaki pengo la upana wa viganja viwili, lubugo tupu. Ndani ya pengo hilo, kuelekea chini, kuna mshono wa uzi mnene: mishono tisa, imelala kwa mstari mmoja. Halafu mbali kabisa, chini kulia, kuna doa la manjano lisilozidi kiganja cha mtoto.

Basi. Hakuna mtu, mti, nyumba wala ng'ombe.

Mama alisogea karibu, akakunja macho. Mama amesoma madrasa Bombo, herufi za Kiarabu anazijua kuliko hizi zetu. "Haya ni maandishi?" akauliza, kidole kinaelekea ile mishono. Mlinzi akakohoa. "Mama, hairuhusiwi kugusa." Alisema kwa Kiswahili, kama walinzi wengi wa Kampala wanavyofanya wakisikia mtu anaongea lugha hii. Mjini hapa Kiswahili kina sifa ya kuwa lugha ya askari, na mara nyingine sifa hiyo ina faida. Nikamuuliza yeye anaonaje, kwa kuwa anakaa na mchoro huu kutwa nzima.

"Mimi nalinda tu, mzee," akasema. Kisha baada ya kimya: "Lakini wengi hupiga picha pale kwenye manjano."

*

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kanga, kwa sababu naona ndipo tatizo letu lilipo, na pia ndipo lilipo jambo ambalo sikuwahi kuliona mpaka siku ile.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina. Mama ana sanduku zima la kanga. Ukimwuliza habari ya yoyote kati ya hizo atakusomea jina, atakwambia alipewa na nani, mwaka gani, na nani alikasirika. Kanga inasema mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema bila kuvunja nyumba. Kwa hiyo tumezoea kwamba nguo ni barua, na kuitazama ni kuisoma.

Lakini mwulize mama ule mji wenyewe una nini. Korosho, mananasi, miduara, madoa, mawimbi, maumbo ambayo hata yeye hayajui yanaitwaje. Yana maana gani? Atakuona umechanganyikiwa. Hayana maana, yamependeza. Au hayakupendeza, ndiyo maana ile kanga hakuinunua ingawa jina lake lilikuwa kali. Kwa miaka sabini mama amekuwa akihukumu maumbo na rangi tupu, akijua kwa uhakika kabisa kwamba nyekundu hii imezidi, kwamba pindo lile linakaba mji, na hakuwahi hata mara moja kudai kwamba duara limwambie lenyewe ni nini. Jina lilibeba mzigo wote wa kusema, na umbo likabaki huru.

Ondoa jina, mara moja tunahaha. Tunaligeukia lile duara ambalo juzi tulilivaa kiunoni bila wasiwasi na kulikamata kola: sema, wewe ni nani?

Na tunahaha zaidi kuliko watu wa lugha nyingine, nadhani, kwa sababu ya ule msemo tuliolelewa nao: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Yaani kila kitu kisichosema waziwazi ni fumbo, na kila fumbo ni mtihani, na anayeshindwa anajulikana atakavyoitwa. Ndiyo maana kwenye maonyesho watu husimama mbali, mikono nyuma, wakitikisa vichwa. Wanaogopa kuwa yule mjinga.

Shule nayo ikatumalizia. Darasani fasihi tulifundishwa kwamba taashira ni kitu kinachosimama badala ya kingine. Jua, matumaini. Giza, mateso. Barabara, maisha. Mwalimu anaandika ubaoni, safu mbili, mnakariri, mtihani unakuja, mnapata alama. Sijui ni wangapi kati yetu waliwahi kuambiwa kwamba jua la Karamoja wakati wa ukame halina matumaini hata chembe.

Kuna alama za aina hiyo, sikatai, na nyingine ni nzuri mno. Katikati ya Kampala limesimama Sanamu la Uhuru la mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Chuo cha Makerere. Mwanamke amezongwa vitambaa kama mtu aliyefungwa, na mikononi ameinua mtoto juu. Hata mwendesha bodaboda atakufafanulia bila kushuka kwenye pikipiki: mama ni nchi iliyofungwa, mtoto ni taifa jipya. Lina ufunguo wake, ufunguo unaingia, kufuli linafunguka. Kwa kazi ya kusimama njia panda na kusema na umati, sijui ungefanya nini kingine.

Tena Makerere yenyewe ilianza kwa hadithi. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha madarasa ya uchoraji mwaka 1937, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wanachora walichokiona kichwani. Sam Ntiro, kijana wa Machame, Kilimanjaro, alitoka katika malezi hayo. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko leo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Jina la mchoro ni hadithi nzima! Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, akaja Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, akashika shule, akaingiza somo la sanaa ya kisasa ya Ulaya pamoja na mabishano yake yote. Kwa hiyo hata hili la kutaka mchoro utusimulie kitu si ushamba. Lina historia, na sehemu yake ilifundishwa pale kilimani Makerere kwa dhati.

*

Kulikuwa na vijana watatu pembeni yetu, nadhani wa chuo, mmoja ana kamera. Walikuwa wameshamaliza kazi. Lile jeusi ni serikali, alisema mmoja. Manjano, chama tawala, kimekaa kwenye kona kimeshiba. Na buluu ni upinzani unaojipiga kichwa ukutani bila kufika.

Nilitaka kucheka lakini sikuweza, kwa sababu usomaji wao haukutoka hewani. Katika nchi hii rangi zina kadi za uanachama. Kwa vyama vya siasa, njano ni NRM, nyekundu ni NUP, buluu ni FDC, kijani ni DP. Kuna majira ambayo mtu mwenye akili zake hachagui shati asubuhi bila kufikiria atapita wapi. Mchoraji wa Uganda akiweka manjano kwenye nguo, ajue manjano hiyo imekuja na fulana za kampeni mgongoni, apende asipende.

Wassily Kandinsky, Mrusi ambaye wengi humtaja kati ya waanzilishi wa uchoraji wa dhahania, aliandika mwaka 1911 kwamba manjano inamjia mtazamaji na kulia kama tarumbeta, na buluu inarudi nyuma, hafifu kama filimbi, nzito kama zeze kubwa. Nimemsoma kwa heshima. Lakini manjano ya Kampala haikuja kwangu kwa tarumbeta. Ilikuja kwa jerikeni la lita 20. Nikifumba macho na kusema "manjano" naona foleni ya majerikeni kwenye bomba la Walukuba, Jinja, kila moja limewekewa jiwe au kandambili ili nafasi ya mwenyewe isichukuliwe. Manjano kwangu ni kusubiri. Kwa kijana yule ni chama. Kwa Kandinsky ni shaba inayopigwa. Nani kati yetu kasoma vibaya?

Baba angesema sote watatu. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Jinja, idara ya rangi, miaka mingi hata kucha zake zilikuwa na mipaka ya buluu isiyotoka. Hakuwa na subira na mtu anayeuliza rangi ina maana gani. Yeye aliuliza inachuja au haichuji. Alikuwa akilowesha pembe ya kitambaa, anaikandamiza kwenye kipande cheupe, anasubiri, anainua. Nyekundu, alisema, ndiyo inayokuaibisha: dukani inang'aa kuliko zote, ikifika majini inahamia kwenye kila kitu. Tena hakuitazama rangi peke yake hata siku moja. Alikuwa anaweka vipande viwili ubavu kwa ubavu na kuniambia nitazame tena. Kijivu kilekile kikiwa karibu na buluu kilikuwa kama cha vumbi, ukikisogeza kwa nyekundu kikawa kama kimeota ukungu wa kijani. Nilikuwa na miaka tisa, nilidhani ni mazingaombwe.

Nilimkumbuka pale. Kwa mtindo wake, swali si "manjano ni nini" bali "manjano hii, ndogo namna hii, mbali namna ile, inafanya nini kwa lile jeusi?" Jaribu: inua kiganja ufunike lile doa. Nilifanya hivyo, nimefumba jicho moja, vijana wananiangalia. Mchoro mzima ukaegemea kushoto kama basi lililopakiwa upande mmoja. Ondoa kiganja, ukakaa sawa. Kitu kidogo hivyo kimeshika uzito wa umbo linalolizidi mara mia. Sasa hapo, ukitaka kusema ni chama, una kazi ya kunieleza kwa nini chama kilichoshiba kimewekwa mahali pa kazi ngumu kuliko zote. Nami, nikitaka kusema ni jerikeni, nina kazi hiyohiyo, na zaidi.

*

Habari ya lubugo. Hapa sitakuwa mfupi.

Gome linatolewa kwenye mti wa mutuba wakati wa mvua. Fundi anakwangua la nje, anachana la ndani, analivua kama soksi. Mti hauachwi uchi. Unafungwa majani ya mgomba, unaota gome jingine, na mwaka mwingine unavunwa tena. Gome linapelekwa kwenye kibanda kisicho na kuta, kisicho na jua, ili lisikauke haraka, na linapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, za mifereji mipana kwanza na za mifereji myembamba baadaye, mpaka lile gamba gumu linatanuka na kulainika. Kisha linaanikwa, na jua ndilo linalolipa ile rangi ya udongo. UNESCO ililitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Mababu walilivaa, wakalilalia, wakatundika mapazia yake, na wakazika nalo. Wafalme walikuwa na lao jeupe na jeusi.

Lilianza kufifia karne ya 19, misafara ya Waarabu na Waswahili ilipofika Buganda na pamba. Hilo huwa linanipa tabasamu chungu. Nimekaa naandika kuhusu lubugo kwa lugha iliyoingia nchini pamoja na kitambaa kilicholishusha lubugo bei.

Mama hakuwa na habari ya UNESCO. Alipojua ile nguo ni nini alirudi nyuma hatua mbili. "Hii si ndiyo wanayomvika maiti? Wameitundika sebuleni?" Rafiki yangu mmoja Muganda, mtu wa kanisa na kompyuta, aliniambia baadaye kitu hichohicho kwa maneno ya upole zaidi: kazi nzuri, ila kwangu hailali. Yaani kabla hata brashi haijagusa nguo, nusu ya watazamaji wa nchi hii wameshasikia neno msiba. Mtalii anaona rangi ya joto na asili ya Afrika. Mchoro mmoja, nguo moja, na mmoja yuko hotelini, mwingine yuko matangani.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata, na bahati ikanikutanisha na mchoraji. Ni mwanamke kijana, mikono imejaa rangi, mwenye uchovu wa mtu aliyeulizwa maswali yaleyale kwa siku ishirini. Sikuuliza maana yake nini. Nilifanya kosa baya zaidi: nilimweleza mimi. Nikaanza na ule mshono. Nikamwambia ni kovu, ni jeraha la nchi lililoshonwa na halijapona, mishono tisa, tarehe 9 Oktoba, Uhuru. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nikataja na mwaka.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ssebo, huo mshono ulikuja na nguo."

Gome huwa na matundu, palipokuwa na tawi au kovu la mti. Fundi huyaziba kwa kiraka na uzi kabla hajauza. Hiyo mishono tisa ilitiwa na mzee mmoja kijijini upande wa Masaka ambaye pengine hajawahi kuingia ukumbi wa maonyesho, na aliitia tisa kwa kuwa kumi ingekuwa uzi wa bure.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimepiga ramli, nikaiita usomaji. Na manjano? Nikauliza kwa woga. "Upande ule ulikuwa unaanguka," akasema. Hapo angalau baba alipata alama.

Lakini sikukubali kushindwa moja kwa moja. Nikamwuliza: nguo ilikuja na mshono, sawa, je, kwa nini hukuukata, au kuufunika kwa lile jeusi? Akanyamaza. Akasema aligeuza nguo pande zote nne kabla ya kuanza, kwa siku kadhaa. Mshono ukiwa juu, haukuwa kitu. Ukiwa pembeni, ulikuwa kasoro. Ulipokaa pale, chini ya katikati, akajua mistari ya buluu itakomea wapi. "Nilichora kuuzunguka," akasema, na akaondoka kwenda kumsalimia mnunuzi.

Hilo la kugeuza lilinikumbusha tena Kandinsky. Anasimulia kwamba jioni moja huko Munich aliingia chumbani kwake akakuta mchoro mzuri ajabu, maumbo na rangi tupu, asitambue kilichochorwa. Kumbe ni wake mwenyewe, umeegemezwa ukutani ubavu. Kesho yake, mchana kweupe, akaujua tu, na ule uzuri hakuupata tena. Watu huisimulia hadithi hiyo kama kioja. Mimi naiona ni habari ya fundi aliyegundua kwamba kutambua kitu kunaweza kukuzuia kukiona.

*

Kama unadhani mambo haya yameletwa na ndege kutoka Ulaya, panda basi uende Kumi, nchi ya Teso, uulize Nyero. Pale chini ya majabali makubwa ya matale kuna miduara imechorwa, duara ndani ya duara ndani ya duara, myekundu kwenye mwamba mkubwa, myeupe kwenye mwingine. Iteso, wenyeji wa sasa, inasemekana waliikuta tu. Watafiti wengi wanaitaja kuwa kazi ya wawindaji waliokaa huku kabla yao. Michoro ya namna hiyohiyo iko pia kisiwani Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambako watu waliihusisha na kuomba mvua.

Nilienda Nyero miaka kadhaa kabla ya siku ya mama, nikitarajia wanyama na watu wenye pinde. Nilikaa kwenye jiwe nikiwa nimeudhika kidogo, kama aliyenunua gazeti likawa na kurasa tupu. Mwongozaji akatueleza nadharia moja baada ya nyingine: jua, mvua, uzazi, na wanakijiji waliokuwa wakifika pale kuomba. Kila nadharia ilikaa kwenye mwamba muda kidogo, ikadondoka, miduara ikabaki ileile. Waliokuwa na jina lake walishaondoka nalo. Na bado, niape, si kitu cha kupita. Aliyechora duara la tano nje ya la nne kwa kidole kilichojaa udongo mwekundu alijua la sita lingeharibu.

Ibrahim El-Salahi wa Sudan alirudi Khartoum mwaka 1957 kutoka masomoni London, akaonyesha kazi zake, watu wakaja siku ya ufunguzi kwa adabu kisha hawakurudi. Akaanza kuzunguka akitazama vitu ambavyo watu wa kawaida huweka majumbani mwao: maandishi, nakshi. Akaingiza herufi za Kiarabu kwenye michoro, halafu akazivunja herufi zenyewe, akaona ndani ya mifupa yake mna wanyama, watu, mimea. Nilipolisoma hilo nilimwona mama amekunja macho mbele ya ile mishono tisa. Haya ni maandishi?

*

Basi huu ndio usomaji wangu, na yeyote anaweza kuupinga, mradi apinge akiwa amesimama mbele ya nguo.

Sasa naanzia kwenye pengo. Kila kitu kilichopakwa rangi pale kinaelekea mahali ambapo hapakupakwa. Buluu inateremka na kukomea ukingoni. Jeusi lina ukingo laini upande ule tu, kwingine kote ni mkali kama umekatwa kwa wembe, limesimamishwa, halikujisimamia. Na katikati ya vyote viwili imeachwa nguo ya kuzikia, na juu yake kazi ya mkono wa mtu anayetengeneza kilichotoboka. Mshono si ishara ya jeraha la nchi. Ni ukarabati wa kweli, wa uzi wa kweli, uliofanywa na fundi aliyetaka nguo isichanike. Mchoraji hakuutengeneza, ila aliupa mahali pa heshima akamwamuru kila mwingine asimame nje. Hapo sihitaji kusema kinawakilisha nini. Ni kiraka, na kimepewa kiti cha mbele.

Usomaji wa wale vijana bado nauheshimu, lakini una tatizo: hauligusi pengo kabisa. Wao waliona rangi tatu wakazigawia vyeo, nguo ikawa ubao wa kubandikia. Usomaji wangu wa Uhuru ulikuwa mbovu kuliko wao, kwa kuwa niliihesabu mishono nisiitazame. Na usomaji wa mama, ambao alitoa akiwa ameketi, amechoka, akitafuta tasbihi ndani ya mkoba, bado sijaweza kuupiga chini.

"Pale palipoachwa," alisema, "ndipo pa jina."

Nikamwambia ndiyo, mama, lakini hakuna jina.

"Naona. Amepasafisha akalitafuta, hakulipata. Si afadhali kuliko kuweka la uongo?"

Saa tisa tulikuwa hospitalini. Ilikuwa sukari, iko juu lakini si ya kutisha, akaandikiwa vidonge na kukatazwa soda, jambo ambalo hajalitii mpaka leo. Tukapata teksi ya Jinja kabla ya msongamano wa jioni.

Mara ya tatu nilikwenda siku ya kufunga maonyesho. Kwenye kona ya kile kikaratasi palikuwa pamebandikwa kidoa chekundu, yaani umeuzwa, na bei iliyoandikwa kwa dola ilikuwa zaidi ya ile niliyonunulia pikipiki yangu. Mlinzi alinitambua. Akaniambia manjano imepigwa picha mpaka imechoka. Jioni nikampigia mama simu, tukazungumza mambo ya vidonge, ya mpangaji asiyelipa, ya mvua ya Jinja, na kabla hajakata akauliza kama ile nguo bado ipo.

"Imenunuliwa, mama. Mzungu mmoja, nasikia."

Akafikiri kidogo.

"Na ataivalia wapi?"